Haki ya Mnyonge Vitani

Nguvu ni neema, na mwenye kuipata hana sababu ya kuionea haya. Lakini nguvu ina ada moja mbaya, nayo ni kupenda kuhesabiwa peke yake. Vita ikiisha, jina la aliyepiga pigo la mwisho huimbwa, na jina la aliyeshikilia mlango mpaka yule akafika husahauliwa. Wahenga walilijua jambo hili, wakatuachia methali mbili zisizopatana vizuri. Moja yasema, Mwenye nguvu mpishe. Ya pili yasema, Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Ya kwanza ni shauri la usalama. Ya pili ni amri ya uadilifu. Nataka kuuliza haki hiyo ya mnyonge ni kitu gani hasa pale penye mapambano, mahali ambapo nguvu ndiyo sarafu itumikayo. Je, ustadi na akili huweza kuziba upungufu wa nguvu? Au maneno hayo ni kitulizo tu, mfano wa wimbo aimbiwao mtoto ili alale na njaa?

Mfano wangu nautwaa katika hadithi ya Kijapani. Yamkini msomaji atashangaa kuona filamu za katuni, ambazo Wajapani huziita anime, zikiletwa mbele ya baraza la wasomi. Lakini ngano za sungura na fisi nazo huchekesha, na hapana aliyekataa kujifunza kwazo. Hadithi yenyewe ni Dragon Ball, kazi ya Akira Toriyama, aliyefariki mwaka 2024. Ilichapwa kwa picha tangu mwaka 1984 mpaka 1995, na kuanzia mwaka 1986 ikaonyeshwa katika televisheni. Shujaa wake, Goku, ni mzaliwa wa taifa la wapiganaji wa sayari nyingine, na damu yake humwongezea nguvu kila aponapo katika jeraha la kufisha. Kando yake yuko Krillin, ambaye Wajapani humwita Kuririn: mwanadamu mfupi, kichwa kimenyolewa, mchoro wake hauna pua, na hana asili yoyote ya ajabu. Wawili hawa walisoma kwa mwalimu mmoja na kubeba mizigo ya uzito mmoja. Kisha miaka ikapita, na Goku akampita mwenziwe kama mlima upitavyo kichuguu. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa, kwa kuwa Krillin hakurudi nyumbani.

Neno la kwanza ni kupambanua hila na ustadi, maana watu wengi huvichanganya viwili hivi, na kwa sababu hiyo husifu au hulaumu pasipo haki. Siku za mwanzo za masomo, mwalimu wao, Kame-Sennin, aliandika alama juu ya jiwe, akalitupa msituni, akasema atakayelileta ndiye atakayekula chakula cha jioni. Krillin aliokota jiwe jingine, akaliandika mwenyewe, akaja nalo mbio. Mwalimu alitambua kuwa hati si yake, akamrudisha. Ndipo Krillin akamlaghai Goku, akamnyang'anya jiwe la kweli, akapata chakula. Lakini chakula chenyewe kilikuwa samaki wa bunju, na sumu yake ikawalaza walaji. Goku aliyelala na njaa aliamka mzima. Akili nyingi huondoa maarifa, na hii ndiyo hila: akili iliyotumwa kukwepa kazi.

Siku zilizofuata, wanafunzi wale walipeleka maziwa nyumba kwa nyumba kwa miguu, wakalima shamba kwa mikono mitupu, wakafanya yote hayo wakiwa na gamba la kobe mgongoni, kwanza la kilo 20, halafu la kilo 40. Katika taabu hiyo ndimo ustadi wa Krillin ulimopatikana. Hila huja kabla ya kazi ili kazi isifanywe. Ustadi huja baada ya kazi, nao ni kazi iliyowekwa akiba katika mwili na fahamu. Watazamaji wawili huweza kuona mnyonge akimpita mwenye nguvu kwa werevu, mmoja akasema, Amedanganya, na mwingine akasema, Amejua. Ili kuamua nani kasema kweli, haitoshi kutazama tendo lenyewe. Lazima tuulize lilinunuliwa kwa nini.

Neno la pili ni namna ustadi unavyofanya kazi, maana kuusifu bila ya kuueleza ni kuutukuza upepo. Silaha ya Krillin iitwayo Kienzan ni kisahani chembamba cha nguvu ya ndani, kinachozunguka kama msumeno. Ndani yake hamna nguvu nyingi kuliko alizo nazo mwenyewe, ila zimekusanywa zote katika ukingo mwembamba. Mtu akibonyeza muhogo kwa kiganja hauvunjiki. Mkono ule ule, kwa msukumo ule ule, ukiwekewa makali ya kisu hupita katikati. Krillin alipomtupia Nappa kisahani hiki, jitu lile lilisimama likidharau, likitaka kukipokea kwa kifua. Mwenziwe Vegeta, mwenye nguvu na akili zaidi, alimpigia kelele akwepe. Nappa akakwepa, shavu likachanika, na mlima uliokuwa nyuma yake ukakatwa.

Itazamwe vizuri habari hii. Maadui hawa walikuja duniani na kipimo kinachovaliwa sikioni na kufunika jicho, kinachotaja nguvu ya kila kiumbe kwa tarakimu. Mkulima wa kwanza kupimwa alisomwa 5. Frieza, mtawala wa maadui wote, alijitajia mwenyewe 530,000. Tarakimu hizo hazikuwa uongo. Kosa lao lilikuwa kwamba zilitaja wingi wa nguvu, zisitaje ilikokusanywa, wala wakati itakapotumika, wala makusudio ya mwenye nayo. Mwenye kipimo alidhani amemjua mtu, kumbe alijua uzito wake tu. Ugonjwa huu haumo katika hadithi peke yake. Sisi wasomi tunavyo vipimo vyetu vya tarakimu, na mara nyingi tumesoma namba ya mwanafunzi tukadhani tumemsoma mwanafunzi.

Neno la tatu ni matumizi ya wakati. Katika sayari ya Namek, Krillin na Gohan, mtoto wa Goku, walikuwa miongoni mwa viumbe ambao kila mmoja angaliweza kuwaua kwa pigo moja. Walijifunza kuzificha nguvu zao ili wasionekane na vipimo, na kwenda kwa miguu mahali ambapo kuruka kungaliwafichua. Hata hivyo, walipomwona mtoto wa Namek aitwaye Dende karibu na kifo, walitoka mafichoni wakamwokoa. Dodoria, mtumishi wa Frieza, aliwafukuza mpaka akawakaribia. Krillin akageuka, akatoa mwanga wa Taiyoken, unaopofusha macho kwa muda, wote watatu wakajificha. Vipimo vilikuwa vimekwisha kuvunjwa na mzee wa kijiji, na Dodoria hakuwa na njia nyingine ya kuwatafuta.

Baadaye Frieza alimchoma Krillin kwa pembe, akamwacha kwa maiti. Aliyemponya ni Dende yule yule, ambaye sasa uwezo wake wa kuponya ulikuwa umefunguliwa. Krillin alirudi vitani wakati Frieza anamponda Gohan. Kwa Kienzan akaukata mkia wa adui, akamvuta amfuate mbali, kisha akampofusha kwa mwanga ule ule, na katika nafasi hiyo Dende akamponya Gohan. Frieza hakushindwa siku hiyo na Krillin, wala Krillin hakutazamia kumshinda. Alichokinunua ni dakika chache, na katika dakika hizo mtoto mmoja aliishi. Mwenye nguvu huomba vita iishe. Mnyonge mstadi huomba vita isiishe kabla ya msaada kufika. Hizi ni kazi mbili, na ya pili isipofanywa, ya kwanza hukosa mahali pa kufanyikia.

Sasa na tusikilize hoja ya mpinzani, kwa kuwa ina uzito. Atasema: Huyu unayemsifu hushindwa karibu kila mara. Nappa hakufa kwa kisahani chake. Frieza aliota ghadhabu tu kwa kukatwa mkia. Waliomaliza vita ni wenye nguvu, basi ustadi wa Krillin ni pambo. Tena atasema kuwa mchango mkubwa wa Krillin ulikuwa kuuawa kwake na Frieza, maana hasira ya kifo hicho ndiyo iliyomgeuza Goku kuwa mpiganaji wa namna mpya.

Sehemu ya kwanza ya hoja hii naikubali nusu. Ni kweli kwamba ustadi haufanyi sawa wasio sawa, na mwalimu amwambiaye mnyonge kuwa akijitahidi atalingana na kila mtu amemdanganya. Tofauti nyingine hazizibiki kwa jasho. Lakini haifuati kwamba kisichozibika chote hakina faida kuzibwa sehemu. Anayepima mchango kwa kuuliza nani alimaliza, amesahau kuuliza nini kingalitokea kama fulani asingalikuwapo. Katika mashindano makubwa ya Dragon Ball Super, filamu zilizotolewa kati ya mwaka 2015 na 2018, Krillin alikutana na Majora, asiyeona kwa macho bali anayepigana kwa kunusa. Krillin alivua kiatu chake, akatumia harufu yake kuivuruga pua ya adui, na kisha akamtoa uwanjani. Mara alipokuwa akifurahia ushindi, Frost akamtoa yeye, akawa wa kwanza wa kundi lake kutolewa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na bado, Majora hakurudi. Adui mmoja alipungua, na aliyempunguza ni mtu ambaye kipimo kisingalimwona.

Sehemu ya pili ya hoja naikataa kabisa. Kufa kwa Krillin hakukuwa tendo lake. Lilikuwa tendo la Frieza. Tukisema thamani ya mnyonge ni kumkasirisha mwenye nguvu kwa kifo chake, tumemfanya kuni katika moto wa mwingine. Mnyonge ana haki ya kuhesabiwa kwa aliyoyatenda, wala si kwa aliyotendewa. Wengi wanaodhani wanamheshimu kwa kumlilia, wamemnyang'anya kazi yake, wakambakishia msiba tu.

Lakini jambo moja limebaki, nami naliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Ustadi hufika siku ambayo humweka mnyonge juu ya mwenye nguvu. Siku hiyo, ustadi wenyewe hausemi afanye nini. Krillin aliipata siku hiyo mara mbili. Mara ya kwanza, Vegeta alikuwa akitambaa kwa majeraha kuelekea chombo chake, na Krillin alisimama juu yake na upanga. Goku, aliyelala na mifupa imevunjika, alimsihi amwache. Akamwacha, huku moyo wake haukubali. Mara ya pili alipewa kifaa cha kuzima mwili wa mwanamke aitwaye 18, binadamu aliyegeuzwa kuwa silaha. Alitakiwa kumkaribia na kubonyeza tu. Alikivunja kifaa chini ya mguu wake.

Huruma hizi hazikuwa za bure. Vegeta aliyeachwa aliwaua watu wa kijiji kizima katika sayari ya Namek. 18 aliyeachwa alimezwa na Cell, naye Cell akakamilika na kuwa hatari kwa dunia nzima. Anayetaka kusema kuwa wema hulipwa papo hapo, asije kuitafuta hoja yake hapa. Hata hivyo, Vegeta alikuja kuwa mlinzi wa dunia ile ile, na 18, alipokwisha kukombolewa, akawa mke wa Krillin. Tena Krillin aliomba bomu lililotiwa ndani ya 18 na nduguye 17 liondolewe. Katika mashindano yale niliyoyataja, 17 ndiye aliyebaki amesimama wa mwisho, na ombi lake likarudisha malimwengu yote yaliyokuwa yamefutwa. Sisemi kuwa Krillin aliyaona hayo kabla. Nasema hakumtazama mtu kama kipimo kinavyomtazama. Aliyepimwa na kudharauliwa maisha yake yote alikataa kupima wengine kwa nguvu yao peke yake.

Haki ya mnyonge vitani, basi, ina sehemu tatu. Ya kwanza, asidanganywe kuwa ustadi utamfanya sawa na kila mtu. Ya pili, kazi yake ihesabiwe kuwa kazi, hata ikiwa ni dakika chache tu alizozinunua kwa ajili ya wengine. Ya tatu, ambayo hapana awezaye kumpa ila nafsi yake, ni kuutumia ustadi wake bila ya kugeuka kuwa mfano wa wale waliomwonea. Za kwanza mbili twadaiwa sisi tunaotazama na kuhesabu. Ya tatu anadaiwa yeye, na siku ya kuilipa ndiyo ile siku moja anaposhika upanga juu ya aliyeanguka.