Sari hufundishwa kwa mikono

Sari haina kifungo wala zipu, kwa hiyo haivaliki mpaka mtu akufundishe. Ni kitambaa kimoja kirefu, kwa kawaida mita 5 na nusu hivi, na zile za mtindo wa kale wa Maharashtra, India, hufika mita 8. Umbo lake lote limo mikononi mwa anayeivaa. Ndiyo maana bibi wa Kihindi anapomsimamisha mjukuu mbele ya kioo, akamkunjia marinda na kuyachomeka kiunoni, anampa kitu kisichouzwa dukani. Bibi wa Gujarat ataileta ncha mbele juu ya bega la kulia. Wa Andhra ataitupia nyuma juu ya bega la kushoto, na papo hapo mtoto amejua kwao ni wapi. Wapo wanaosema video inatosha. Mikunjo itaionyesha, kweli, lakini haitamwambia binti ni sari ipi bibi aliolewa nayo, wala kwa nini ameitunza kabatini miaka yote hii. Wajukuu na waulize sasa, bibi angalipo. Wavulana nao wasiachwe nyuma, kwani hata dhoti ya babu, kitambaa cha kiume cha kiunoni, hukunjwa kwa mkono.