Tenda Wema, Nenda Zako: Uende Wapi?

Methali hii siku hizi imekuwa kichaka cha watu wasiotaka kuulizwa. Kwenye msiba wa fundi cherehani mmoja wa Pangani, wazee walimuuliza jamaa yake wa mjini mbona hakuonekana muda wote mgonjwa alipokuwa kitandani. Akajibu kwamba zamani alimnunulia mzee cherehani. Alitenda wema, akaenda zake. Watu wakanyamaza, maana methali ikishatajwa matangani hakuna anayependa kubishana. Mimi nabisha.

Anayeielewa hivyo anajipa ruhusa ya kumtupa mtu. Nashikilia kwamba kinachoachwa ni dai, mtu haachwi. Shahidi wangu ni marehemu mwenyewe, ambaye hakuwa na pa kwenda. Pangani ni mji mdogo, huku bahari, huku mto, na ukitaka kuvuka kwenda Bweni utasimama kwenye kivuko bega kwa bega na jirani zako. Uliyemfaa jana utakutana naye sokoni asubuhi na msikitini adhuhuri. Jijini kutoa na kupotea ni kazi rahisi. Ugumu wa methali unaonekana pale unapomwona yule uliyemtendea kila siku ya Mungu, naye anajua kwamba unajua.

Kila Januari shule zikifunguliwa, kina mama walimjia na watoto wasio na sare. Aliwashonea kwa mkopo, na mikopo mingine ilikuwa mkopo kwa jina tu. Nilikuwa nikikaa barazani kwake nikiona jambo moja. Mdaiwa akitokeza mtaani, kabla hajapata kichochoro cha kukatia, fundi alikwishamuwahi kwa sauti: "Shemeji, hujambo? Bibi mguu wake unaendeleaje?" Akijibiwa, anarudisha mguu kwenye kanyagio. Angeweza kuuliza habari za mtoto, lakini habari za mtoto zingefika shuleni, na shuleni kuna sare. Akauliza mguu wa bibi. Huko ndiko kwenda zake, na hakuondoka kwenye kiti.

Kungoja shukrani hakuhitaji maneno. Jicho tu linatosha, au kimya kirefu baada ya salamu. Kurani, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, inakataza kuziharibu sadaka kwa masimbulizi na udhia, na Injili ya Mathayo, sura ya 6, inataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kulia. Kwa mafundisho hayo, basi, kutoa peke yake hakujamaliza kazi. Sisi leo tunampigia picha mjane akipokea mfuko wa unga na chupa ya mafuta, tunaisambaza kabla hajafika jikoni, kisha asipotuchangamkia tunasema shukrani ya punda ni mateke. Tumuogope Mungu. Ni nani aliyempakia mwenzake mzigo hata akamwita punda?

Mke wa fundi alilalamika, na alikuwa na haki. Wema wa baba mwenye watoto hutoka kwenye sufuria ya watoto, na wako wanaume wanaosifiwa barazani huku nyumbani kwao watu wanalala na njaa. Huyu alilijua hilo. Alichokitoa mchana alikifidia usiku, akishona mashuka na mapazia ya watu wenye uwezo hadi macho yakaanza kumsumbua. Sijui namna nyingine ya halali ya kuwa mkarimu ukiwa na familia: gharama uibebe mwenyewe kwanza.

Siku ya maziko mwanawe mkubwa alisimama kutoa tangazo. Kawaida familia huomba wanaomdai marehemu wajitokeze, na anaowadai nao wajitokeze. Kijana alitangaza la kwanza tu, akakaa. Daftari lilikuwepo ndani, majina yote yamo. Baadaye wapo waliomlaumu kwamba amepoteza haki ya warithi. Siwaungi mkono: warithi wote walikuwa watu wazima, mama yao akiwamo, na walikubaliana usiku ule ule kwamba baba yao hakumdai mtu.