Jibu Moja, Majibu Mengi

Mto Naro Moru unaingia mto gani? Jibu ni moja: Ewaso Ng'iro. Sasa geuza swali: ni mito gani inayoingia Ewaso Ng'iro? Kuna Naro Moru, kuna Burguret, kuna Nanyuki, na mingine. Mlima Kenya, inakotoka mito hii, haukusogea hata hatua. Kilichobadilika ni kile tulichokuwa tunakijua tulipouliza.

Wanafalsafa hubishana kama mambo yameamuliwa tangu awali, kana kwamba kuamuliwa ni sifa ya vitu vyenyewe. Naona waandishi wa programu za mantiki wamelishika suala hili vizuri zaidi. Katika Prolog, lugha iliyozaliwa Marseille mwaka 1972, mtu huandika mahusiano, kisha huuliza. Penye njia panda, mashine huacha alama ili ikikwama irudi kujaribu njia nyingine. Alama hizo hula kumbukumbu, na nyingi ni za bure kwa kuwa jibu la pili halipo.

Ndiyo maana lugha ya Mercury, iliyoundwa Chuo Kikuu cha Melbourne miaka ya 1990, humruhusu mwandishi atangaze mapema: swali hili, likiulizwa kwa upande huu, lina jibu moja tu, au moja ama hakuna, au moja na zaidi, au idadi yoyote, hata sifuri. Kompaila, yaani programu inayoitafsiri lugha hiyo kwa mashine, hukagua tangazo hilo kabla programu haijaendeshwa. Jibu lenyewe hailijui.

Hilo la "moja ama hakuna" wakazi wa chini ya mto wanalielewa bila kufundishwa. Wakati wa kiangazi, mifereji na pampu za juu zikishachota, Naro Moru huweza kukauka kabla haujafika Ewaso Ng'iro. Kompaila ingeligundua hilo pale tu programu inapouliza kama maji yapo. Ukame ambao haukuandikwa, haiuoni.

Tena, tangu mwanahisabati Henry Rice alipochapisha uthibitisho wake mwaka 1953, tunajua hakuna mkaguzi atakayepatia programu zote. Kwa hiyo kompaila huchagua tahadhari: ikishindwa kuthibitisha kwamba jibu ni moja, huandika kuwa huenda yakawa mengi, hata kama ni moja. Hiyo "huenda" ni habari za mkaguzi, si za mto. Anayedai kwamba kesho iko wazi kwa sababu tu yeye haoni njia moja, ametuambia kuhusu macho yake. Kuhusu kesho bado hajasema neno.