Bassanio Alimwona Nani?

Tangu Mwalimu Julius Nyerere achapishe Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, mwaka 1969, wasomaji wa Kiswahili wamekuwa wakimkimbilia Shylock na ratili yake ya nyama. Ni haki yao, maana kichwa cha kitabu kinawapeleka huko. Mimi kinachonikera ni jambo dogo linalotokea pembeni mwa kesi ya ratili hiyo. Bassanio amesimama hatua chache tu kutoka kwa wakili kijana. Anamsikiliza akiupindua mkataba mpaka ukamgeukia mwenye nao. Kesi ikiisha anamshukuru na kumsihi apokee japo zawadi. Wakili huyo ni Portia, mke aliyemwoa juzijuzi, aliyemvisha pete naye akaapa kwamba haitamtoka kidoleni angali hai.

Anawezaje kudai kwamba anampenda mtu ambaye akivaa joho hamjui?

Jibu la haraka ni kwamba huo ni mchezo tu, na watazamaji wa futuhi wamekubaliana na mwandishi kutouliza maswali ya namna hiyo. Jibu hilo linanipa shida, kwa sababu jukwaa lina ushahidi mzito zaidi wa jinsi tunavyotambuana. Chukua shule ya wavulana, tuseme ya Njoro au Molo, inayoigiza tamthilia hii katika bwalo la chakula. Portia ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Maleba yake ni gauni la kuazima na wigi, na kifua kimejazwa soksi. Akiingia, bwalo linalipuka kwa miluzi na mabenchi yanagongwa. Baada ya dakika chache kelele zinakufa zenyewe. Amekubaliwa kuwa mwanamke, na watu sasa wanasikiliza anachosema.

Kisha inafika zamu ya mahakamani, ambapo Portia anajifanya mwanamume. Yule mwanafunzi anavua wigi, anatoa soksi, anavaa suruali yake mwenyewe ya shule na kuitupia joho jeusi. Sauti anaiacha ishuke pale ilipo siku zote. Kwa macho matupu, huyu ni mvulana aliyevaa kivulana, anayezungumza kivulana. Hata hivyo bwalo zima linaona mwanamke aliyejificha ndani ya nguo za kiume, na linamcheka Bassanio kwa kushindwa kumwona! Wanaocheka hawaoni kwamba Bassanio peke yake ndiye aliyeona kilichopo mbele ya macho.

Shakespeare aliuandika mchezo kwa ajili ya hali hiyohiyo, kwani kabla ya 1660 wanawake hawakuigiza katika kumbi za umma za London, na sehemu zao zilichezwa na vijana wa kiume. Tamasha la drama la shule zetu hapa Kenya, lililoanza 1959, limeuendeleza mtindo huo bila kukusudia, kwa kuwa shule ya wavulana haina wasichana wa kuwapa sehemu.

Basi macho yana kazi ndogo kuliko tunavyodhani. Tunamtambua mtu kwa nafasi tuliyomwandalia. Bassanio amemwacha mkewe nyumbani Belmont, na mahakamani hakuna kiti cha mke. Hivyo hata akimtazama usoni, uso hauna pa kukaa. Nasi huwa hivyohivyo. Askari wa benki anayekufungulia mlango kila wiki, ukikutana naye Jumapili sokoni bila sare, unabaki unajiuliza umemwona wapi.

Wala kumtambua mtu usoni si kumjua. Mwaka 2012 kikundi cha waigizaji wa Kenya, pamoja na Mrisho Mpoto wa Tanzania, kilicheza Wanawake wa Heri wa Winsa, mchezo mwingine wa Shakespeare, katika ukumbi wa Globe huko London, kwa Kiswahili. Humo mna mume mwenye wivu, Ford, anayejibandika jina la uongo ili kumchunguza mkewe. Sura ya mkewe anaijua vizuri, anaamka nayo kila siku. Asichokijua ni kwamba mwanamke huyo ni mwaminifu, na anamcheka.

Ziko pia nyakati ambapo vazi la bandia halimdanganyi mtu yeyote. A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alieleza katika kitabu chake cha 1909 juu ya Wanandi kwamba wavulana waliokaribia kutahiriwa walivaa nguo na mapambo waliyopewa na wasichana. Wasichana nao, zamu yao ikifika, walivaa nguo za wapenzi wao. (Tohara yao ni kosa la jinai, na sheria ya 2011 imelisema hilo bila kigugumizi.) Miongoni mwa Wamasai, ambao malisho yao yalienea mpaka Nakuru hii, kijana aliyetoka kutahiriwa alivaa kike. Kila aliyemwona alijua ni mtoto wa nani. Wataalamu wana maelezo yao mengi. Mimi naona humo ukweli uleule wa bwalo la shule: kabla jamii haijamweka mtu katika nafasi mpya, humwondoa kwanza hadharani katika ile ya zamani, na kazi hiyo hufanywa na mashahidi kuliko nguo.

Lakini si kila mtu ana ruhusa ya kucheza na nafasi yake. Portia ana mali, watumishi, na ndugu msomi wa sheria wa kumwazima joho. Kibarua wa mashamba ya walowezi huko Subukia, katika miaka ya 1920 na 1930, alitembea na kipande, kitambulisho chake cha kazi, kikiwa kimening'inia shingoni ndani ya kikebe cha chuma, jina lake na alama za vidole vikiwa humo. Hakuweza kuwa mtu mwingine hata kwa alasiri moja.

Na mwezi wa Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, hapa Nakuru na kule Naivasha, swali la nani ni nani lilihamia barabarani. Magari yalisimamishwa kwenye vizuizi, vitambulisho vikadaiwa, majina yakasomwa. Mwingine akatakiwa aseme kitu kwa lugha fulani. Aliyejua lugha ya jirani yake aliishika kama vazi. Katika futuhi, mtu aliyedhaniwa siye hupata wasaa wa kujieleza: pacha anatokea, pete inatolewa, wote wanacheka. Kizuizini jina lilikuwa limekwisha kumsemea mtu. Tena jina lenyewe lilisomwa sawasawa, bila kukosea hata herufi. Waliokuwa na mapanga walikosea kudhani kwamba ukishalisoma jina umemaliza kumjua mwenyewe, na wengi waliosomwa majina walilipia kosa hilo kwa maisha yao.

Kwa kulinganisha na hilo, upofu wa Bassanio unaanza kupendeza. Hajui aliye mbele yake, na hajidai kujua. Jirani aliyemficha jirani chini ya kitanda mwezi ule naye hakuwa na haja ya kumjua sana. Alitosheka na kwamba walikuwa wakisalimiana, na kwamba salamu ni ahadi ya aina yake. Ndiyo maana nadhani wasomaji tumemhukumu Bassanio kwa shtaka lisilo lake. Kutomtambua mkewe ndani ya joho ni kosa ambalo bwalo zima lingelifanya likiwa mahali pake. Pete ni shauri lingine. Wakili alipoiomba, alikataa. Rafiki yake Antonio alipomsihi kidogo, akaivua na kuituma. Hapo hakuhitaji kumtambua mtu yeyote, alihitaji kukumbuka tu alichoapa. Portia amemsamehe yote mawili, tena kwa kicheko. Mimi ningemsamehe la kwanza tu.