Wanasesere wa Matambara na Katazo la Sanamu

Mwanasesere ana umbo la kiumbe chenye roho, na hadithi za Mtume Muhammad (S.A.W.) zinawakemea vikali watengenezaji wa maumbo ya namna hiyo. Kwa hiyo mafakihi walilazimika kujiuliza: je, karipio hilo linamfikia pia msichana anayejishonea mtoto wa bandia kwa vitambaa vilivyobaki?

Jibu lilitafutwa zaidi nyumbani kwa Bi Aisha, mke wa Mtume. Wakusanyaji wa hadithi Bukhari na Muslim wamepokea kwamba alikuwa akicheza na wanasesere pamoja na wenzake. Mtume akiingia, wasichana wale hujificha kwa haya, naye huwarudisha waendelee. Abu Dawud anaongeza kisa kitamu zaidi. Mtume alirejea kutoka vitani, Khaybar au Tabuk, upepo ukafunua pazia, wanasesere wakaonekana, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya matambara. Alipoulizwa imekuwaje farasi awe na mabawa, Bi Aisha alitaja farasi wa Nabii Suleiman wenye mabawa. Mtume akacheka hadi magego yakaonekana.

Wanazuoni wengi, Kadhi Iyadh miongoni mwao, waliwatoa wanasesere katika katazo kwa hoja kwamba huwazoesha wasichana malezi. Ibn Battal alielekea kuona kwamba ruhusa hiyo ilifutwa baadaye. Hoja ya malezi ina ukweli wake, lakini inamwacha nje farasi: hakuna msichana anayejiandaa kulea mnyama arukaye.

Maelezo yenye nguvu zaidi yamo katika nyumba ileile. Bi Aisha aliwahi kutundika pazia lenye picha, Mtume akachukizwa. Likakatwa, likashonwa mito, naye akaiegemea. Wapo wasemao picha zenyewe ziliharibika kwa kukatwa. Hata hivyo wengi walichukulia kwamba kinachokatazwa ni kilichopewa heshima, si kinachokaliwa. Mwanasesere huburutwa, huvuliwa nguo, husahauliwa mvunguni. Lile hindi bichi ambalo wasichana wa Afrika Mashariki wamelisuka nywele zake, wakalifunga kipande cha khanga chakavu na kulibeba mgongoni, halina hata uso. Kulishuku ni kujitafutia kazi.

Watu wazima nao walitengeneza. Sahaba Rubayyi binti Muawwidh anasimulia jinsi yeye na wenzake walivyowafungisha watoto siku ya Ashura na kuwaundia vitu vya kuchezea kwa sufi. Mtoto akililia chakula, hupewa kimojawapo achezee hadi wakati wa kufuturu.

Ubishi ulibaki sokoni. Al-Istakhri, mwanazuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 940, alipokuwa msimamizi wa masoko Baghdad, aliliacha soko la wanasesere liendelee. Imam Malik, kwa riwaya inayonukuliwa, alichukia kununuliwa kwa wanasesere. Waliomfasiri wakasema karaha hiyo inahusu kujipatia riziki kwa biashara hiyo, wala haimgusi mtoto anayecheza.