Siku ya Kumaliza Yawekwa na Nani?

Je, watunzi wa programu za kompyuta waweza kumaliza kazi pasipo kuwekewa siku? Wako wasemao kwamba kazi ya akili haiharakishwi. Lakini mchezo uitwao Duke Nukem Forever ulitangazwa mwaka 1997, na wenyewe walipoulizwa walijibu kwamba utatoka ukiwa tayari. Ulitoka mwaka 2011! Apendaye kutengeneza hakosi cha kutengeneza.

Hata hivyo hatuwaungi mkono wanaoishika kalenda kama fimbo. Huko Marekani tovuti ya serikali ya kuwaandikisha watu bima ya afya, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 kwa sababu siku ilikwisha kutangazwa, ingawa haikuwa tayari. Siku hiyo ya kwanza walifaulu kujiandikisha watu 6 tu. Nao waliokuwa wakingoja, ndugu wasomaji, walikuwa watu wasio na bima, na miongoni mwao wagonjwa.

Siku ni ahadi; si haki itolewe na mtu asiyeijua kazi. Aulizwe kwanza mwenye kuiandika programu, naye akisema muda hautoshi, mzigo upunguzwe. Wenye mfumo wa kompyuta uitwao Ubuntu wametoa toleo jipya kila miezi 6 tangu 2004, na kisichokuwa tayari hungoja toleo lijalo. Mwaka 2006 walihitaji majuma 6 zaidi, wakalisema jambo hilo waziwazi kabla siku haijafika.