Kwako Mwanangu Unayejiandaa na Mbio za Njiti

Mwanangu, habari za mbio zenu zimenifikia hapa Mbeya, sokoni Soweto, kabla hujaja kunieleza mwenyewe. Nimeambiwa wewe na wenzako wa mchakamchaka mnataka kukimbia mwezi wa Novemba, karibu na tarehe 17, Siku ya Mtoto Njiti Duniani, mchangishe fedha za watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Nimefurahi sana. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wewe umeshakaa nje ya mlango wa wodi ukisubiri nesi atoke akutajie uzito wa siku.

Nitakuchangia. Ila mchango wangu unakuja na maneno, na nakuomba uyasikilize mpaka mwisho. Nimeuza viazi kwenye soko hili tangu ujana wangu, na nimeona fedha za kuchangishana zikipotea hata pale ambapo hakuna aliyeiba.

Swali la kwanza mtakaloulizwa na watu ni mnanunua nini. Najua unalotaka kujibu: mashine. Kila anayechangisha anataka mashine, kwa kuwa inaonekana, inabandikwa jina, na mgeni rasmi anapiga nayo picha. Sisemi mashine hazina kazi. Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37, na yule wa wiki 28 au 30 mapafu yake hayajakomaa. Bila kusaidiwa kusukumiwa hewa anachoka kupumua. Akipata manjano anahitaji kuwekwa chini ya mwanga wa bluu. Lakini mashine isiyo na fundi, isiyo na mirija inayoingia kwenye pua ndogo namna ile, inayokatikiwa na umeme kila siku, haichelewi kusukumwa kwenye kona na kufunikwa shuka. Kwa hiyo kabla hujachapisha fulana hata moja, nenda Kitengo cha Wazazi Meta, cha Hospitali yetu ya Rufaa ya Kanda, ukamuulize muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga wanapungukiwa na nini. Andika anachokwambia, hata kama ni kitu kisichopendeza kwenye picha.

Sasa nikwambie ninaloliona kubwa kuliko mashine zote. Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto. Watoto walilazwa zaidi ya mmoja kwenye mashine, wakaambukizana magonjwa. Akaanza kuwaambia akina mama wawabebe watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, wakiwa wima, na wawalishe maziwa yao wenyewe. Kwa miaka mingi watu waliichukulia njia hiyo kuwa msaada wa hospitali maskini, kitu cha kufanya pale mashine zinapokosekana. Mwaka 2021 yakatoka majibu ya utafiti uliofanyika kwenye hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8, wakawekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa hata kabla hali zao hazijatulia, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 25 vikilinganishwa na wale waliosubirishwa kwanza kwenye mashine ya joto. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake, na linataka mtoto akae kifuani saa 8 hadi 24 kila siku.

Saa nane ndiyo ya chini kabisa, mwanangu. Na katikati ya hizo kuna maziwa. Njiti mdogo hajui kunyonya na kumeza na kupumua kwa pamoja, hivyo mama anakamua kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Maziwa yanapimwa kwenye bomba la sindano, yanashuka polepole kwenye mrija uliopitishwa puani. Mara nyingine ni mililita tano tu, na mama anayatazama yakiisha kana kwamba ameona gunia zima likijaa. Mama akikosa chakula, akikosa usingizi, akijaa mawazo, maziwa yanamgomea.

Basi kama tiba ni kifua na maziwa, lazima mwenye kifua na maziwa awepo wodini. Hapo ndipo soko letu linapoingia.

Mwaka 2025 sheria ya kazi ilirekebishwa, na mwajiriwa aliyejifungua njiti sasa anaongezewa muda wa likizo kufidia wiki ambazo mtoto hakuzimaliza tumboni. Baba wa njiti naye amepewa siku 7 badala ya zile 3. Doris Mollel, ambaye yeye mwenyewe alizaliwa njiti akiwa na gramu 900, alilipigania jambo hilo miaka mingi kupitia taasisi aliyoianzisha, nami namheshimu sana kwa hilo. Lakini mama mwenye meza ya nyanya hapa Soweto hana mwajiri. Likizo atampa nani?

Nilimwona mwenzetu mmoja, sitamtaja. Alijifungua miezi miwili kabla ya siku zake. Wiki ya pili akawa anatoka wodini alfajiri kuja kupokea mzigo unaposhushwa kwenye fuso, anapanga meza, anarudi kwa mtoto saa tano kanga imelowa maziwa yaliyomwagika bure. Marejesho ya kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, yalikuwa kila Jumatano. Nyumbani kulikuwa na watoto wengine wawili wa kula. Na alikuwa amechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, kununulia mtaji, na wakopeshaji wale hawana cha mgonjwa wala cha mzazi. Hakuna muuguzi aliyemfukuza, tena walimbembeleza abaki. Kilichomtoa pale kitandani ni deni na njaa ya nyumbani, na mashine yoyote ambayo ungeileta isingemrudisha.

Ninachokuomba ni kwamba sehemu kubwa ya fedha za mbio zenu iwe ya kumwezesha mama wa namna hiyo kukaa. Chakula cha moto mara tatu kwa siku kwa anayetoka mbali, Chunya au Mbarali, asiye na ndugu mjini. Sabuni. Kofia na soksi za mtoto, maana huu mji uko juu mita 1,700 na zaidi, na asubuhi ya Julai hata sisi wakubwa tunatetemeka, sembuse kiumbe cha gramu 1,200 kisicho na mafuta mwilini. Nauli ya bibi anayekuja kupokezana naye. Marejesho ya kikoba ya wiki hizo. Posho ya binti wa kushika meza ili wateja wasihame. Vyote hivyo kwa mama mmoja kwa mwezi mzima havifikii bei ya mashine.

Utaniambia watu hawachangii marejesho ya kikoba. Watachangia ukiwaeleza vizuri. Mbio za benki ya CRDB zilipowaambia watu kwamba fedha zinakwenda kwenye upasuaji wa moyo wa watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kila mtu alielewa bila kuelezwa mara mbili. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, wakati huo mke wa Rais wa Kenya na mama wa watoto watatu, alikimbia marathoni ya London kwa zaidi ya saa saba. Hakuwa mwanariadha. Alisema wazi anataka akina mama na watoto wachanga wasife, na fedha zinunue kliniki zinazotembea kwa ajili ya kaunti, na watu wakatoa. Hapa Mbeya kwenyewe tumeshazoea kukimbia kwa ajili ya afya na elimu kwenye mbio za Tulia. Tatizo halipo kwenye miguu wala mifuko ya watu. Waambie ukweli wa kile unachotaka.

Kuhusu fedha, usiweke kwenye simu yako. Hata uwe mwaminifu kiasi gani, siku mtoto akizidiwa usiku na huna nauli utakopa humo, na mwenye kukopa mchango hakosi kusemwa. Tafuteni watu watatu, mmoja awe mwanamke wa hapa sokoni, wafungue lipa namba ya kikundi. Fulana zisile mchango. Mwenye kutaka fulana ainunue. Baada ya mbio msome mahesabu hapa hapa Soweto, kwa sauti, watu wakiwa kwenye meza zao. Mvua za Novemba zikiwachelewesha, sogezeni siku, mahesabu msisogeze.

La mwisho ni lako peke yako. Naona unaamka saa kumi kufanya mazoezi na jioni unazunguka na daftari la michango. Mkeo naye yuko Meta wiki ya tatu na mgongo unamuuma. Kifua cha baba kina joto sawa na cha mama. Waulize wauguzi watakuonyesha: oga, usijipake manukato, usivute sigara, vua shati, keti, wakufunge mtoto kwa kitenge. Zamani zetu mwanamume angeona aibu, na tulikosea kuwalea vijana hivyo. Mpe mkeo saa mbili alale. Punguza kilomita ikibidi.

Meza ya mkeo hapa sokoni msiwe na wasiwasi nayo. Binti yangu anaiangalia, mauzo ya kila siku yameandikwa, na marejesho ya Jumatano iliyopita nimeshayalipa mimi. Njoo Jumamosi kabla ya saa nne, kabla wateja hawajawa wengi, nikupe mchango wangu.